Miezi tisa ya chuo binafsi au miaka mitatu ya chuo cha jamii? Jibu kwa dada wa Columbus

"Shikamoo mwalimu. Nilikuja Marekani miaka miwili iliyopita kwa bahati nasibu ya viza. Nipo Columbus, Ohio, nina watoto wawili, mume wangu anaendesha gari la mizigo. Nina cheti cha kidato cha nne cha Tanzania, na hapa nimepata STNA, cheti cha msaidizi wa wauguzi cha Ohio, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Ndoto yangu ni uuguzi. Karibu na kwangu kuna chuo kidogo cha binafsi, darasani watu kumi na wawili tu. Wanafundisha usaidizi wa kliniki, ile kazi wanayoiita MA, kwa miezi tisa, saa 900, ada dola 17,900. Wamenipokea vizuri, kuna mama wa pale ananipigia simu kila siku. Anasema chuo kina ithibati ya serikali, Pell, ile ruzuku ya serikali kuu, italipa sehemu kubwa, na masomo yangu nitayahamishia kwenye uuguzi baadaye. Nafasi zimebaki mbili, inabidi nisaini kabla ya Ijumaa. Nilienda pia chuo cha jamii. Foleni, fomu, mtihani wa kupimwa, halafu nikaambiwa uuguzi utanichukua miaka mitatu au zaidi. Kanisani wananiambia chuo cha jamii ni cha walioshindwa, na wengi hawamalizi. Naogopa kupoteza muda, naogopa pia kupoteza hela. Niende wapi?"

Marahaba, dada yangu. Pole na zamu za usiku, na hongera kwa kuuliza kabla ya kusaini, maana wengi huniletea mkataba ukiwa tayari na wino.

Nimeshauri wanafunzi katika chuo cha jamii hapa Ohio kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo ujue mapema kwamba mimi ni mtu wa upande mmoja. Nitajitahidi nikueleze udhaifu wa upande wangu kwa uwazi uleule. Jibu langu nalitoa sasa hivi ili usisome ukiwa roho juu: kama unachokitaka ni uuguzi, usisaini Ijumaa. Sisemi chuo kile ni cha utapeli, na sisemi chuo cha jamii kinamfaa kila mtu. Nasema umeambiwa mambo matatu, na hakuna hata moja lililo sahihi kabisa kwa njia unayotaka kupita.

Tuanze na ithibati, kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo. Kwetu Tanzania chuo cha afya au cha ufundi hupewa ithibati na NACTVET, na vyuo vikuu viko chini ya TCU. Vyote viwili ni vyombo vya serikali. Ukisikia chuo kina ithibati, unaelewa kwamba serikali imekikagua na cheti chake kitatambulika kuanzia Kagera hadi Mtwara. Ukihamia Marekani unalibeba neno hilo na maana yake ya nyumbani, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Hapa kazi imegawanywa kwa watu watatu. Jimbo linatoa kibali cha kufungua chuo na kufundisha. Wizara ya Elimu ya serikali kuu inaamua kama wanafunzi wa chuo hicho wanaweza kupata ruzuku na mikopo yake. Ithibati yenyewe, yaani ukaguzi wa ubora, kwa kawaida inatolewa na mashirika yasiyo ya serikali, na Wizara inachofanya ni kuyatambua mashirika hayo. Kwa hiyo karibu hakuna chuo hapa, hata Harvard, chenye "ithibati ya serikali". Huenda yule mama amerahisisha maneno tu. Lakini swali la kumuuliza si kama wana ithibati. Muulize ni ya shirika gani, na ni ya chuo au ya programu.

Tofauti hiyo ya mwisho ina uzito kwako. Ithibati ya chuo inahusu taasisi nzima: uongozi, fedha, walimu, kumbukumbu za wanafunzi. Ithibati ya programu inahusu kozi moja tu. Kwa usaidizi wa kliniki, mashirika mawili yanayotajwa ni CAAHEP na ABHES, na njia kuu ya kufanya mtihani wa CMA, cheti ambacho waajiri wengi wanakiheshimu, ni kuwa umehitimu programu iliyopitishwa na mojawapo. Usipokuwa nayo bado kuna vyeti vingine, kama CCMA, kwa hiyo hutakosa kazi kwa sababu hiyo peke yake. Kwa uuguzi mambo ni makali zaidi. Programu isipokubaliwa na Bodi ya Uuguzi ya jimbo, hufanyi mtihani wa leseni, na bila leseni wewe si muuguzi hata ungejua kazi kuliko daktari.

Sasa la kuhamisha masomo. Hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Krediti (hesabu ya masomo uliyofaulu) za chuo kimoja zikifika chuo kingine zinakuwa kama kadi ya kliniki ya Mbeya ikifika Muhimbili. Daktari ataisoma, ataiheshimu, lakini vipimo muhimu atavirudia mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye atakayewajibika mgonjwa akizidiwa. Chuo kinachokupokea ndicho kinachoamua nini kihesabiwe. Chuo unachotoka hakina mamlaka hayo, na hakiwezi kukuahidi kwa niaba ya mwenzake. Zamani vyuo vingi vilikataa krediti kwa kutazama tu ni shirika gani lilitoa ithibati: mashirika ya kanda yalionekana ya juu, yale ya kitaifa, ambayo ndiyo yanayokagua vyuo vingi vya ufundi, yalionekana ya chini. Tangu Julai 2020 Wizara imeacha kuyapanga kwa madaraja hayo. Mazoea ya ofisi za usajili hayajabadilika kwa kasi hiyo, na sheria haiwalazimishi.

Halafu tazama ulichoandika kwa mkono wako: saa 900. Hukuandika krediti. Programu inayohesabiwa kwa saa za kukaa darasani na maabara mara nyingi haina hata kitu cha kuhamisha, kwa sababu chuo cha jamii kinahesabu kwa krediti za muhula. Na hata kama kingetaka kukusaidia, somo la mwili wa binadamu katika usaidizi wa kliniki ni la wiki chache, la kukuwezesha kujua mishipa iko wapi na majina ya viungo. Anatomia na fiziolojia ya uuguzi ni mihula miwili na maabara yake. Aliyesoma la kwanza hajasoma la pili.

Nina kijana mmoja nisiyemsahau. Alikulia kambi ya Nyarugusu, akaletwa Ohio na wazazi wake, akasoma usaidizi wa kliniki katika chuo kidogo cha binafsi ambacho sitakitaja. Alikuja ofisini kwangu na faili la buluu, ndani yake transkripti imewekwa kwenye karatasi ya nailoni isipate mkunjo. Alama zote A, isipokuwa B moja. Alitaka kuingia uuguzi, na alikuwa ameshapiga hesabu kwamba amebakiza mwaka mmoja. Nilipeleka karatasi zake ofisi ya usajili, jibu likarudi baada ya siku nne: krediti sifuri. Nilimsomea. Akaichukua transkripti, akairudisha kwenye nailoni taratibu, akauliza, "Sasa pale nilikuwa nasoma nini?" Nilimwambia ukweli: ulisoma kazi, na kazi unaijua. Alikuwa akitoa damu vizuri kuliko wengi, na alikuwa ameajiriwa. Lakini alichonunua na alichodhani amenunua vilikuwa vitu viwili tofauti, na deni lake lilikuwa limepita dola elfu kumi na moja.

Tuje kwenye hela, maana umesema unaziogopa. Twende polepole. Ada ni 17,900. Kwa mwaka wa masomo 2025-26, ruzuku ya Pell haizidi dola 7,395, na hiyo ni kwa anayestahili kiwango chote. Kwa grini kadi yako unaruhusiwa kuomba, mapato ya nyumbani ndiyo yataamua kiasi. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayehesabiwa kuwa anajitegemea, na wewe kwa kuwa umeolewa unahesabiwa hivyo, hauzidi 9,500. Jumlisha: 16,895. Pengo ni dola 1,005, na natarajia kwenye mkataba wako kuna malipo ya kila mwezi ambayo jumla yake inakaribia hapo. Ona jinsi ada ilivyokaa karibu na jumla ya misaada. Utafiti wa Stephanie Cellini na Claudia Goldin wa mwaka 2014 ulikuta vyuo vya kibiashara, yaani vya binafsi vinavyotafuta faida, vinavyopokea misaada ya serikali kuu vilitoza takribani asilimia 78 zaidi ya vile vinavyofundisha mambo yaleyale bila misaada hiyo. Kwa hiyo aliposema Pell italipa sehemu kubwa, hesabu inaonyesha kwamba sehemu kubwa ni mkopo, na mkopo ni wako hadi uumalize.

Na Pell yenyewe si maji ya mto. Kila mtu ana kikomo cha maisha, asilimia 600, yaani kama miaka sita ya kusoma kwa muda wote. Miezi tisa ya saa 900 itakula mwaka mzima kati ya hiyo. Nimeona watu wanafika mwaka wa mwisho wa uuguzi, Pell imekwisha kwa sababu ilitumika kwenye kozi mbili tatu za nyuma ambazo hazikuhesabiwa popote.

Chuo cha jamii, kwa wastani wa nchi, mwaka wa masomo 2024-25 kilitoza dola 4,050 hivi kwa mwanafunzi wa muda wote anayeishi eneo lake. Cha kwako kinaweza kuwa juu ya hapo, uliza. Unafuu huo unatokana na jimbo, na mahali pengine kodi za majengo za kaunti, kulipa sehemu ya gharama kabla wewe hujafika dirishani. Chuo cha kibiashara hakina mfuko huo, kinaishi kwa ada, hivyo sikilaumu kwa kutoza zaidi. Ila kwako tofauti ni hii: ukipata Pell nzima, chuo cha jamii kinakata ada yake na salio linarudi kwako, ukanunua vitabu na mafuta ya gari. Ukisoma nusu muda, Pell nayo inapungua, lakini na ada inapungua.

Sasa weka kipato pembeni ya deni. Takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2024 zinaonyesha kipato cha katikati, kwa nchi nzima, cha wasaidizi wa wauguzi kama wewe kuwa dola 39,500 hivi kwa mwaka. Wasaidizi wa kliniki, 44,200. LPN, yaani muuguzi mwenye leseni ya ngazi iliyo chini ya RN, zaidi ya 62,000. Muuguzi mwenye leseni ya RN, 93,600. Kutoka ulipo hadi MA ni hatua ya chini ya dola 5,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Haidharauliki, na ukiingia kliniki unaondoka zamu za usiku na kunyanyua wagonjwa wazito, jambo ambalo mgongo wako utakushukuru. Lakini ukishalipa mkopo, miaka ya mwanzo unabaki palepale.

Kanisani wamekuambia chuo cha jamii ni cha walioshindwa. Naelewa maneno hayo yanatoka wapi. Kwetu nafasi za shule zilikuwa chache, mtihani unachuja, na mlango usiochuja mtu unautilia shaka. Vyuo vya jamii vilianzishwa kwa wazo la kinyume. Cha kwanza cha umma kinachoendelea hadi leo, Joliet cha Illinois, kilifunguliwa mwaka 1901, na baada ya Vita Kuu ya Pili tume ya Rais Truman, mwaka 1947, ilitaka vyuo vya namna hiyo vienee nchi nzima ili mtu asome akiwa kwake, bila kuhamia mji mwingine wala kulipa ada ya chuo kikuu. Kupokea kila mtu ndiyo kazi yake. Mlango wa programu ya uuguzi uliopo ndani unachuja: alama za masomo ya awali, mtihani wa TEAS mahali pengi, na nafasi zenye kikomo. Na ukihitimu diploma ya uuguzi ya chuo cha jamii, mtihani wako wa leseni ni NCLEX-RN uleule anaoufanya aliyesoma miaka minne chuo kikuu. Mgonjwa hajui, na leseni haiandiki.

Lakini la kutomaliza, dada, hapo waumini wenzako wana hoja, na mimi siwezi kuificha. Katika vyuo vya umma vya miaka miwili, kati ya wanafunzi wanaoanza kwa muda wote, takribani watatu kati ya kumi tu ndio wanaohitimu ndani ya miaka mitatu. Vyuo vya kibiashara vya ngazi hiyo vinafikia karibu sita kati ya kumi. Sehemu ya tofauti ni ya hesabu tu: kozi zao ni fupi, na mwanafunzi wa chuo cha jamii akihamia chuo kikuu kabla ya kuchukua diploma anahesabiwa hakuhitimu. Iliyobaki ni ya kweli. Chuo chako kidogo kinakuambia: njoo Jumatatu saa tatu, mwalimu ni huyu, wenzako ni hawa, kozi ya kwanza ni hii, ya mwisho ni ile. Hakuna pa kupotelea. Sisi tunakupa kitabu cha kozi mia kadhaa, unachagua kozi mbili zisizohitajika, unakosa moja inayohitajika kwa sababu inafundishwa muhula wa masika tu, unangoja, mtoto anaugua, zamu inabadilika, na mshauri wako ana wanafunzi mamia. Watu hawashindwi na masomo peke yake. Wanapotea njiani.

Habari njema ni kwamba tunajua dawa. Vyuo vya umma vya New York vilianza mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP: mshauri mmoja anayekujua kwa jina, masharti ya kuonana naye mara kwa mara, nauli, vitabu, ratiba iliyobanwa. Ulipopimwa, wanaohitimu ndani ya miaka mitatu walikaribia kuwa maradufu. Ohio iliuiga katika vyuo vitatu vya jamii ikaona matokeo ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo ukienda tena chuo cha jamii, usiulize tu ada. Uliza kama wana mpango wa namna hiyo, na kama hakuna, omba wakuandikie kwenye karatasi moja mpangilio wa mihula yote kuanzia Kiingereza mpaka NCLEX. Bila karatasi hiyo usijisajili hata somo moja.

Yule mama anayekupigia simu kila siku usimchukie. Kutafuta wanafunzi ndiyo ajira yake. Tangu mwaka 1992 sheria inakataza vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu kulipa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa, lakini sheria hiyo haikatazi kukuambia nafasi zimebaki mbili. Ikiwa kozi inaanza kila mwezi au kila baada ya wiki kadhaa, na ya vyuo hivi mara nyingi ndivyo, ukikosa Ijumaa hii utapata inayofuata.

Haraka imewagharimu watu wengi nchi hii. Mwezi Aprili 2015 Corinthian Colleges ilifunga vyuo vyake vilivyobaki, wanafunzi kama 16,000 wakakuta milango imefungwa. Septemba 2016 ikafuata ITT Tech. Deni la waliosoma huko lilifutwa baadaye, mwaka 2022, na wengi walikuwa wameshalibeba kwa miaka mingi. Hizo zilikuwa kampuni kubwa, sizifananishi na chuo chako cha watu kumi na wawili. Cha karibu zaidi na ndoto yako ni kilichofichuliwa Januari 2023: vyuo vitatu vya Florida vilivyouza zaidi ya diploma 7,600 bandia za uuguzi. Waliozinunua walitaka tu njia ya mkato. Wengine walikuwa wameshaanza kazi, na bodi za uuguzi zikawanyang'anya leseni. Mtu yeyote, hata awe wa nyumbani, akikuambia uuguzi wa miezi sita bila wodi, ondoka.

Kuna hali ambazo mimi mwenyewe ningekupeleka chuo kidogo cha binafsi bila kusita. Mume wako anajua moja: udereva wa malori. Leseni ya CDL inatolewa na jimbo baada ya mtihani, na kinachotakiwa kwa shule ni iwe kwenye orodha ya serikali kuu ya watoa mafunzo, sharti lililoanza Februari 2022. Ukishapata leseni, hiyo ndiyo inayotazamwa zaidi, na wiki chache za shule binafsi zinaweza kulipa haraka kuliko kusubiri nafasi ya umma. Kunyoa, kusuka, kurekebisha viyoyozi, kuchomelea, nako chuo kidogo chenye fundi mzuri kinaweza kushinda kikubwa. Hata usaidizi wa kliniki, ungeniambia, "Mwalimu, nataka MA, na baada ya hapo sitaki kusoma tena, nataka kazi ya mchana watoto wakiwa shule," ningekujibu tofauti. Ningekuambia linganisha ada yao na ya programu ileile chuo cha jamii, angalia ithibati ya programu, uliza wahitimu wanafanya mafunzo ya vitendo kliniki zipi, kisha uende pale utakapomaliza. Mwalimu anayejua jina lako ana thamani, hasa kwa mtu ambaye Kiingereza bado kinamkwama darasani.

Hukuniambia hivyo. Umeandika "ndoto yangu ni uuguzi", kwa hiyo nataka ujue kuna njia ya tatu ambayo hakuna upande uliokuonyesha. Ohio ina vituo vya ufundi vya watu wazima vya umma, vinaitwa Ohio Technical Centers, vingi vikiwa chini ya wilaya za shule za ufundi. Baadhi vinafundisha LPN kwa takribani mwaka mmoja. Vina sifa uliyoipenda kwenye chuo binafsi, kundi moja, ratiba moja, mwanzo na mwisho vinajulikana, na wengi wanaostahili hupata Pell. LPN ana leseni ya jimbo, na vyuo vingi vya jamii vina daraja la kumvusha LPN kwenda RN, akianzia katikati ya programu badala ya mwanzo. Kwa mtu aliye tayari STNA, mwenye watoto wawili na anayehitaji kipato kiongezeke kabla ya miaka mitatu kuisha, hii ndiyo ningeipeleleza ya kwanza. Si rahisi. Ni masomo ya kila siku, na mazoezi ya wodini yana saa zake zisizobadilika. Zamu tano za usiku kwa wiki hutaziweza kwa mwaka ule, na mume wako aijue hesabu hiyo sasa, kabla hujaanza.

Ukishapata majina ya programu mbili au tatu, fungua tovuti ya Wizara ya Elimu iitwayo College Scorecard uone deni na kipato cha waliohitimu, kisha tovuti ya Bodi ya Uuguzi ya Ohio uone asilimia ya waliofaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza. Chuo kinachofundisha uuguzi kwa miaka kisha nusu ya wahitimu wake wanaanguka mtihani, hata ukumbi wake ung'ae vipi, kiache.

Kabla ya Ijumaa fanya simu moja. Piga idara ya uuguzi ya chuo cha jamii, wao wenyewe, usipige mapokezi, uwasomee majina ya kozi za kile chuo binafsi, uulize: mtazihesabu zipi? Waombe wakujibu kwa barua pepe. Wakisema watazihesabu, nitafurahi kukosea, na utakuwa na maandishi. Yule mama naye mwambie akuandikie ahadi yake kwa barua pepe. Akikataa kuiandika, umepata jibu.

Kama wakati unasoma haya umeshasaini, usikate tamaa. Vyuo binafsi vya ufundi vilivyosajiliwa Ohio vinatakiwa kukuruhusu kufuta mkataba ndani ya siku 5 za kalenda tangu kusaini, kwa maandishi. Simu haitoshi. Andika barua, weka tarehe, bakiza nakala. Siku hizo zikipita, au wakikudai kitu usichokielewa, chukua mkataba uende ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe. Kwa watu wa kipato cha chini ni bure, na wanaweza kukupatia mkalimani.

Mambo mengine hayawezi kumalizwa kwa barua, yanataka mtu akuone uso kwa uso. Cheti chako cha kidato cha nne kwa kawaida hukubalika kama elimu ya sekondari, ila vyuo vingi vitataka kifanyiwe tathmini na shirika la kutathmini vyeti vya nje, na inachukua wiki kadhaa, hivyo anza nayo. Kiingereza chako kipimwe kwanza katika madarasa ya Aspire, ni ya bure hapa Ohio na mengine ni ya jioni. Nenda pia OhioMeansJobs, ofisi ya ajira ya kaunti yako, uulize fedha za mafunzo za WIOA. Zinaweza kulipia kozi iliyo kwenye orodha yao bila mkopo, lakini ukishajisajili kwanza halafu ndipo ukaombe, mara nyingi unakuwa umechelewa. Na FAFSA, fomu ya kuombea Pell na mikopo ya serikali kuu, ijaze ukiwa na mtu wa ofisi ya misaada ya kifedha pembeni, bila kumlipa yeyote, maana fomu ile haina ada.

Siku ya kwenda chuo cha jamii mara ya pili, panga miadi kwa simu ili usikae foleni baada ya zamu ya usiku. Beba cheti cha kidato cha nne, grini kadi, cheti cha STNA, na ratiba yako ya kazi ya mwezi mzima kama ilivyo ukutani kwenu. Hiyo ratiba ndiyo mshauri ataihitaji kuliko vyote.